Meko ya Kuni Yapo Chini, Vyumba vya Kulala Vipo Juu: Joto Litafikaje?

Swali: Nyumba yetu ina ghorofa ya chini na nyingine mbili juu yake. Sebuleni, chini kabisa, kuna meko ya zamani ya wazi. Yanakula kuni nyingi, na ukitoka mbele yake unahisi baridi ile ile. Tunataka kuyaondoa na kuweka mapya yenye mlango wa kioo, yale yenye ufanisi wa asilimia 75 au zaidi. Muuzaji anatushauri tuchukue makubwa kabisa, ya kilowati 16, ili joto lifike mpaka vyumba vya juu. Ngazi ziko wazi katikati ya nyumba, na dohani imejengwa kwenye ukuta wa nje. Je, yatatosha nyumba nzima? Tutoboe sakafu tuweke matundu ya kupitishia joto? Na feni iwekwe wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, meko ya aina hiyo yanaweza kabisa kuwa chanzo kikuu cha joto nyumbani kwenu kwa sehemu kubwa ya msimu wa baridi. Lakini msiyachukue kwa ukubwa huo, na msitoboe sakafu. Joto halitafika juu eti kwa kuwa meko ni makubwa. Litafika kama hewa baridi ya juu imepata njia ya kushuka. Wengi wenye nyumba za ghorofa huhangaika namna ya kulisukuma joto lipande, wakati joto halihitaji kusukumwa. Kinachohitaji kusaidiwa ni baridi, irudi chini hadi mbele ya moto.

Kwanza niseme kwa nini meko yenu ya sasa hayawafai, kwa sababu sababu zake ndizo zinazoeleza kila kitu kinachofuata. Meko ya wazi huchukua hewa ya sebuleni, hewa mliyokwisha kuipasha, na kuipeleka dohani moja kwa moja. Nafasi yake hubidi ijazwe, na hujazwa na hewa ya nje inayopenya kwenye nyufa za madirisha na milango. Mtu aliyekaa mbele ya moto anaota vizuri, huku vyumba vingine vikipoa. Kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 15 tu ya nishati ya kuni inayobaki ndani. Tatizo hili ni la zamani: mwaka 1796 Benjamin Thompson, anayejulikana zaidi kama Count Rumford, aliandika jinsi ya kulipunguza kwa kuyafanya meko yawe na kina kifupi, kuta za pembeni zilizoinama kuelekea chumbani na koo jembamba la dohani. Alisaidia sana, lakini mdomo wa meko ulibaki wazi.

Meko mapya yamefungwa kwa kioo, na hewa huingia kwa kipimo. Siri yake iko kwenye moshi. Zaidi ya nusu ya nishati ya kuni hutoka kama gesi kuni zinapopata moto, na gesi hizo zisipoungua huondoka kama moshi. Ili ziungue kikamilifu zinahitaji joto la karibu nyuzi 600 za Selsiasi na hewa mpya iliyokwisha kupata moto. Ndiyo maana ndani mna matofali ya moto yanayohifadhi joto, na juu ya kuni mna vitundu vinavyopuliza hewa ya pili. Moto ukishika sawasawa utaona ndimi za moto zikielea juu bila kugusa kuni. Hapo moshi unaungua. Aina nyingine hutumia kichocheo, kama sega la kauri lenye utando wa madini, kinachowezesha gesi kuungua kuanzia nyuzi 260 hivi. Aina zote mbili ni nzuri. Yenye kichocheo huvumilia moto mdogo wa muda mrefu, ila kichocheo huchakaa na kinahitaji kubadilishwa baada ya miaka kadhaa.

Sasa tuje kwenye zile kilowati 16, maana hapa ndipo naona mnataka kuingizwa kwenye gharama na matatizo.

Kilo 1 ya kuni zenye unyevu wa asilimia 20 ina nishati ya kilowati-saa 4 hivi. Meko ya ufanisi wa asilimia 75 yanawaachia 3. Kwa hiyo ili kutoa kilowati 16 mfululizo, meko hayo lazima yachome kilo 5 na zaidi kila saa. Sasa jiulizeni nyumba yenu inapoteza joto kiasi gani. Kama leo mnatumia gesi au umeme kwa kupasha joto, chukueni bili ya mwezi wa baridi kali. Tuseme imeandikwa kilowati-saa 2,880 kwa siku 30. Gawanyeni kwa saa 720, mnapata wastani wa kilowati 4. Toeni kile kinachopotea kwenye boila na kinachotumika kwa maji ya kuoga, mtakuta nyumba inahitaji kilowati 3 na kitu. Siku yenye baridi kali kuliko zote inaweza kufika karibu maradufu ya hapo. Namba hizi ni za mfano, lakini njia ni hiyo hiyo kwa nyumba yoyote, na ni ya kuaminika kuliko kupima ukubwa wa sakafu kwa macho.

Meko ya kilowati 16 katika nyumba inayohitaji wastani wa 3 na kitu yatafanya nini? Baada ya saa moja sebule itakuwa haikaliki. Mtabana hewa ili kuyatuliza. Moto ukibanwa unashuka chini ya lile joto la kuchoma gesi, moshi unaanza kutoka, kioo kinakuwa cheusi, na ndani ya dohani unajengeka utando wa lami ya kuni, kreosoti. Huo ndio unaosababisha moto wa dohani, ambao huunguruma kwa kutisha na unaweza kupasua kuta zake. Yaani mtakuwa mmelipia ufanisi wa asilimia 75 na kuishi na moto mchafu, huku vyumba vya juu vikiwa havijanufaika, kwa kuwa kilichozuia joto kufika huko hakikuwa uchache wake.

Hesabu yenu ikikaribia mfano huo, ningechukua meko ya kilowati 7 hadi 9 yenye chumba cha moto kipana, yenye uwezo wa kuungua vizuri hata yakishushwa hadi nusu. Mzigo wa kilo 7 za kuni utawapa kilowati-saa 21 hivi, ambazo kwa saa tano ni wastani wa kilowati 4. Siku za baridi kali mnaongeza idadi ya mizigo. Zile siku chache ambazo hata hivyo hayatatosha, acheni mfumo wenu wa sasa usaidie.

Na kabla ya yote hayo, pandeni darini. Kama kihami joto cha juu, yaani tabaka linalozuia joto lisitoke, ni chembamba au kifuniko cha mlango wa dari kinapitisha hewa, fedha mtakayoitumia hapo itawarudishia joto zaidi kuliko kilowati yoyote ya ziada. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu ya urefu wa nyumba yenu. Nyumba ndefu yenye joto ndani ina tabia ya dohani: hewa ya moto husukuma kutoka kwenye matundu ya juu na hewa baridi huvutwa kuingia chini. Kadiri inavyovuja juu, ndivyo sebule yenu inavyofyonza baridi kutoka nje, hapo hapo palipo na meko.

Kuhusu njia ya hewa: mna bahati kubwa kuwa na ngazi zilizo wazi katikati ya nyumba. Hilo ndilo tundu kubwa na bora kuliko yote mtakayoweza kutoboa. Hewa ya moto itatambaa chini ya dari ya sebule, itapanda kwenye ngazi kwa upande wa juu, na hewa baridi itashuka kwenye ngazi hizo hizo ikifuata vidato, kwa sababu ni nzito zaidi. Mnaweza kuithibitisha jioni moja. Kateni ukanda mwembamba wa karatasi laini, muushike kwenye mlango unaotoka sebuleni kwenda kwenye ngazi, moto ukiwa umekolea. Juu ya mlango utapepea kuelekea nje ya sebule. Karibu na sakafu utapepea kuelekea ndani. Mkiona mipepeo hiyo miwili, nyumba imeshaanza kufanya kazi yenyewe.

Kinachoharibu mzunguko huo ni milango iliyofungwa. Chumba cha kulala chenye mlango uliofungwa ni kama hakimo katika nyumba. Ifungueni mchana na jioni ili kuta na vitanda vipate joto, kisha usiku mfunge, na ni vyema kiusalama kulala na milango imefungwa. Mwanya wa sentimita 2 chini ya mlango husaidia kidogo.

Feni iwekwe juu, sakafuni, ielekee chini. Najua inasikika kinyume, na karibu kila mtu huiweka karibu na moto ikipuliza kuelekea ngazi. Ikiwekwa hivyo, feni inapambana na hewa baridi nzito inayoshuka kwa njia ile ile, na mnaishia kuvuruga mzunguko uliokuwa ukienda vizuri. Wekeni feni ndogo, kwa mwendo wa chini kabisa, kwenye sakafu ya korido ya chumba kilicho mbali au baridi zaidi, ipulize hewa baridi kuelekea kwenye ngazi. Baridi ikiondoka, chumba hakiwezi kubaki bila hewa. Hewa ya moto itaingia kwa juu kuchukua nafasi. Subirini saa moja au mbili ndipo mpime, si dakika tano. Msiweke feni juu ya ngazi penyewe mahali mtu anaweza kujikwaa usiku, korido inatosha.

Matundu ya sakafuni siyapendekezi kwenu, na sababu yangu kubwa ni moto wa ajali. Sakafu kati ya sebule na vyumba vya kulala huchelewesha moshi na moto kufika kwa waliolala. Ukiitoboa umewaondolea dakika ambazo huenda ndizo za kujiokoa. Katika nchi nyingi kanuni za ujenzi hudai tundu kama hilo liwe na kilango kinachojifunga chenyewe kikipata moto. Katika nyumba isiyo na ngazi wazi ningeyafikiria, na kwa kilango hicho. Kwenu hayana kazi.

Msitegemee joto sawa kila mahali. Vyumba vya kulala vikiwa na nyuzi mbili hadi nne chini ya sebule, mambo yanaenda vizuri, na watu wengi hulala vyema zaidi hivyo. Jambo linaloweza kuwashangaza ni lile la kinyume: ghorofa ya juu kabisa, hasa korido yake, inaweza kuwa na joto kuliko pembe za ghorofa ya chini. Hilo likitokea, pazia zito kwenye mdomo wa ngazi, linalofungwa nusu, hurekebisha mambo kwa gharama ndogo, mradi likae mbali na meko na lisizuie njia ya kutoka.

Dohani yenu ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi ya yote, kwa kuwa imo ukutani upande wa nje. Dohani huvuta kwa sababu moshi wa moto ni mwepesi kuliko hewa ya nje. Ikiwa imezungukwa na baridi pande tatu, moshi unapoa njiani, unapoteza nguvu ya kupanda na kuacha kreosoti. Meko ya kisasa yanazidisha tatizo hili: kwa kuwa joto kubwa limebaki ndani ya nyumba, moshi unaingia dohani ukiwa umepoa tayari kuliko ule wa meko ya wazi. Na nyumba yenu ndefu nayo inavuta kuelekea juu, ikishindana na dohani. Wakati wa hatari ni usiku wa manane, moto ukiwa umebaki makaa tu. Makaa hutoa kaboni monoksidi nyingi, gesi ya sumu inayoweza kuua, na moshi kidogo sana, dohani imepoa, na nyumba ikishinda mvutano huo gesi hurudi ndani bila harufu ya kumwamsha mtu.

Kwa hiyo bomba la chuma cha pua lipitishwe ndani ya dohani ya zamani, kutoka kwenye meko hadi juu kabisa, lenye kipenyo kile kile cha tundu la meko mapya, mara nyingi milimita 150, na lifungwe kihami joto kwa urefu wake wote. Msikubali bomba fupi linaloishia mita mbili ndani ya dohani pana. Moshi ukitoka kwenye bomba jembamba kuingia kwenye uwazi mkubwa wa baridi hupoa papo hapo, na kusafisha kunakuwa kazi ngumu. Kwenye koo la dohani, juu tu ya meko, fundi aweke bamba la chuma la kuziba uwazi unaobaki kuzunguka bomba, na juu yake sufu ya madini isiyoungua. Bila bamba hilo, joto linalokusanyika nyuma na juu ya meko litapanda bure ndani ya dohani ya matofali na kupasha ukuta wa nje. Katika dohani ya ukuta wa nje, bamba hili ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo vyenye faida kubwa, na mafundi wengi huliruka kwa sababu halionekani kazi ikiisha.

Juu ya paa, kanuni inayotumika sana ni kwamba dohani izidi mahali inapotokea kwenye paa kwa angalau sentimita 90, na izidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka hapo. Feni ya kutolea hewa jikoni isiwashwe kwa nguvu moto ukiwa unafifia. Ikiwa mnahitaji kufungua dirisha ili moto ushike, fungueni la chini. Kufungua la juu huongeza mvuto wa nyumba na kuudhoofisha wa dohani. Meko yakiwa na njia yake ya kuchukua hewa moja kwa moja kutoka nje, itumieni. Kengele ya kaboni monoksidi na ya moshi iwekwe kila ghorofa, hasa karibu na wanapolala watu, na dohani ikaguliwe na kusafishwa angalau mara moja kwa mwaka.

Kuni: zisiwe na unyevu unaozidi asilimia 20. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na maji hayo yote lazima yageuzwe mvuke kabla ya nyumba kupata chochote. Pasueni, pangeni mahali penye upepo, funikeni juu tu na muache pembeni wazi. Miti laini huchukua miezi 6 hadi 12. Miti migumu kama mwaloni mara nyingi huhitaji miaka 2. Kupima, pasueni kipande upya na muweke kipima unyevu kwenye uso wa ndani. Uso wa nje hudanganya.

Mmetaja kwamba mnataka nyumba nzima, na kama maana yenu ni kuni peke yake bila msaada mwingine, basi niwaambie ziko njia zilizotengenezwa kwa kusudi hilo. Ya kwanza ni meko yenye koti la maji, yanayopasha maji yanayozunguka hadi kwenye rejeta, yaani vyuma vya kupashia chumba joto, za kila ghorofa. Maji yanabeba joto kwenda popote, hata nyuma ya mlango uliofungwa. Tangi la lita 1,000 likipandishwa nyuzi 50 linahifadhi kilowati-saa 58, linaloweza kuipeleka nyumba ya mfano wetu usiku mzima na zaidi. Lakini moto wa kuni hauzimwi kwa swichi. Umeme ukikatika pampu inasimama na maji yanaendelea kuchemka, hivyo lazima pawe na vali ya usalama na njia ya kuondoa joto bila umeme, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni tu. Ya pili ni tanuri la mawe au matofali, linalotumika tangu zamani Finland, Austria na Urusi: unawasha moto mkali kwa saa moja au mbili, mawe yananyonya joto, kisha yanalitoa taratibu kwa saa 12 hadi 24. Nalipenda sana, na likijengwa katikati ya nyumba karibu na ngazi linafaa mno nyumba ya ghorofa. Uzito wake huweza kuzidi tani moja, kwa hiyo linahitaji msingi wake.

Lipo jambo moja la mwisho ambalo hamkuuliza. Kama kidhibiti joto cha mfumo wenu wa sasa kipo sebuleni, siku ya kwanza mtakayowasha meko mapya kitaona joto limetosha na kuzima mfumo nyumba nzima, na vyumba vya juu vitakuwa na baridi kuliko zamani. Mtadhani meko yameshindwa. Kihamisheni kwenye korido ya ghorofa ya kwanza, au muweke vali zenye kipimajoto kwenye kila rejeta ya juu, na ile ya sebuleni muifunge. Kagueni pia mabomba ya maji yaliyopita kwenye kuta za nje au vyumba visivyofikiwa na joto la meko. Zamani mfumo uliyapasha bila nyinyi kujua. Sasa mengine yanaweza kuganda. Yafungeni kihami joto kabla baridi haijaanza.